Gari la umeme, baridi ya Minnesota na ile nyuzi 85 ya gerejini

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Mwaka jana nilinunua Chevrolet Bolt ya 2019 iliyotumika. Kiangazi ilikuwa raha tupu. Tangu Desemba iingie, nikichaji usiku naamka nakuta imeongeza kidogo sana, na ikifika Alhamisi sina uhakika wa kufika kazini St. Paul, kilomita kama 28 kwenda. Natoka saa 11 alfajiri. Nachaji kwa soketi ya kawaida ya gerejini, na gereji yenyewe haina hita. Hapo nimeweka plagi ya waifai, Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani), na kihisi cha joto cha DS18B20 nilichofunga mwenyewe kwa nyaya mbili. Nimeipanga chaji ianze saa 5 usiku, na gereji ikizidi nyuzi 50 plagi izimike kwa usalama. Pia inasoma hali ya gari kila dakika tano. Wiki iliyopita gari lilikataa hata kufunguka kwa rimoti. Na kuna usiku grafu inaniambia gereji imefika nyuzi 85, nje barafu tupu! Aliyeniuzia anasema betri kubwa imechoka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole na baridi. Usinunue betri, na usimpe huyo muuzaji hata senti mpaka umalize kusoma. Una matatizo manne yaliyoingiliana. Moja ni la majira. Hilo halina dawa ila kulizoea. Matatu yaliyobaki yako gerejini kwako, na mengi kati ya hayo umeyafunga kwa mkono wako mwenyewe.

Tuanze na nyuzi 85, maana ndiyo iliyonichekesha na ndiyo inayokunyima chaji.

DS18B20 ina tabia moja ambayo kila aliyeichezea anaijua, au ataijua tu. Ikipata umeme, kumbukumbu yake huanza na thamani ya nyuzi 85 hadi itakapokamilisha kipimo cha kwanza. Kipimo kimoja kwa usahihi wake wa juu kabisa huchukua hadi milisekunde 750. Umeme ukiyumba katikati ya kipimo, kihisi kinazimika na kuwaka upya, nawe ukikisoma unapewa ile 85 ya mwanzo. Rudi kwenye grafu uikuze. Hutaona 84.6 wala 85.3. Utaona 85 kamili, nukta moja iliyosimama peke yake, kabla yake nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri na baada yake vilevile. Gereji iliyopanda karibu nyuzi mia na kushuka ndani ya dakika moja ingekuachia majivu, si grafu.

Kwa nini umeme uyumbe? Umejibu mwenyewe uliposema nyaya mbili. Kihisi hiki kinaweza kufanya kazi kwa nyaya mbili, kikijilisha kutoka kwenye waya uleule wa data. Lakini wakati wa kupima kinahitaji mkondo wa hadi miliampea 1.5. Rizista ya kiloohm 4.7 iliyounganishwa na volti 3.3 za Raspberry Pi haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 0.7. Yaani unakidai kazi ambayo hukukilipa nusu ya mshahara. Mambo yakiwa mazuri kinapenya kwa bahati. Waya ukiwa mrefu, viungo vikilegea kwa baridi, au kihisi kikiwa cha bandia (na za bandia zimejaa sokoni), bahati inaisha.

Dawa yake ni waya wa tatu. Mwekundu kwenye volti 3.3, mweusi kwenye ardhi, wa data kwenye pini ya GPIO 4, na rizista ya 4.7 kati ya data na volti 3.3. Usiivute kwenye volti 5, pini za Raspberry Pi hazistahimili. Viungo vitie risasi au uvibane kwa skrubu; zile nyaya za kuchomeka za majaribio ziache mezani. Kama waya unapita mita kadhaa, shusha rizista hadi kiloohm 3.3 au hata 2.2. Na siku ukikiunganisha kwenye kifaa cha aina ya Arduino ukaona nyuzi 127 chini ya sifuri, ujue hiyo ndiyo lugha yake ya kusema waya umekatika.

Sasa tazama kilichokuwa kinatokea usiku. Saa 5 plagi inawaka, gari linaanza kuchaji. Wakati wowote baadaye kihisi kinapiga kelele ya 85. Kanuni yako inaona 85 ni zaidi ya 50, inazima plagi. Ni nani anayeiwasha tena? Hakuna. Kanuni yako ya kuwasha inasubiri saa 5 ya usiku unaofuata. Wewe umelala ukiamini gari linashiba, kumbe limekula dakika chache likakatwa. Fungua historia ya plagi ndani ya Home Assistant uilinganishe na nukta za 85. Saa zitalingana.

Kama unataka kuendelea kutumia kihisi hicho kwa lolote, iambie programu itupe thamani ya 85 kamili, na kanuni yoyote ya hatari isubiri joto lidumu dakika mbili kabla ya kuchukua hatua. Lakini kwa suala la chaji ushauri wangu ni mkali zaidi: iondoe kabisa hiyo plagi ya waifai. Chaja ya gari inavuta ampea 8 hadi 12 mfululizo, saa nyingi, kila usiku. Plagi ndogo za waifai, hata zile zilizoandikwa ampea 15, nyingi zilitengenezwa kwa taa, feni na mashine ya kahawa. Kuikata ikiwa imebeba mzigo huo kunaunguza viungo vyake vya ndani kidogo kidogo, na kiungo kilichoungua ndicho kinachopata moto. Vitabu vya chaja zenyewe vinakataza ekstensheni na adapta kwa sababu hiyohiyo. Ulichokifunga kwa ajili ya usalama ndicho kilichokuwa hatari kubwa kuliko vyote humo gerejini.

Kipimo cha moto kilicho bora ni kiganja chako. Chaja ikiwa imefanya kazi nusu saa, shika kichwa cha plagi pale inapoingia ukutani. Uvuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, zima, na soketi ibadilishwe na fundi mwenye leseni, kwa soketi imara inayobana. Soketi ya dola mbili iliyokaa ukutani miaka thelathini haikuwekwa kwa kazi hii.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hata bila nyuzi 85 ungeimaliza Ijumaa kwa shida.

Bolt ikichomekwa kwenye soketi ya volti 120 huanza kwa ampea 8, mpaka uiambie vingine. Waliounda walifikiria soketi mbovu, na sina ugomvi nao. Ampea 8 mara volti 120 ni wati 960. Toa upotevu wa njiani, betri inapata kama wati 800. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa sita. Hazifiki hata kilowati-saa 5.

Matumizi je? Bolt yako ilipimwa na serikali ya Marekani kwenda kilomita 383 kwa betri ya kilowati-saa 60, yaani karibu kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100. Kwenye baridi ya Januari huko kwenu, kwa safari fupi na hita ikinguruma, weka 27. Kwenda na kurudi kwako ni kilomita 56, basi unakula kilowati-saa 15 kwa siku. Unarudisha tano, unatoa kumi na tano. Jumatatu asubuhi una 60, Jumanne asubuhi 50, Jumatano 40, Alhamisi 30, Ijumaa 20, na unarudi nyumbani Ijumaa na 5. Usiku mmoja tu wa nyuzi 85 katikati ya wiki, na Ijumaa hufiki. Hofu yako ya Alhamisi ilikuwa na akili.

Na hapo sijakata kodi ya baridi yenyewe. Bolt ina mfumo wa maji unaopasha betri gari likiwa limechomekwa na betri ikiwa baridi mno. Umeme wa kupasha unatoka ukutani kwanza. Ukileta wati 960 kwenye usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, sehemu kubwa inaweza kuishia kwenye maji hayo, na sindano ya chaji isisogee. Ndiyo maana wengine hudhani chaja imekufa. Haijakufa, inapasha.

Basi fanya mambo mawili ambayo hayagharimu chochote. Kwanza, kwenye skrini ya chaji chagua ampea 12. Hii ni kwa sharti kwamba soketi umeikagua na hakuna mzigo mwingine kwenye saketi hiyo. Breka ya ampea 15 inaruhusiwa kubeba 12 kwa muda mrefu, basi. Friza ya nyama ikijiwasha kwenye saketi hiyohiyo, breka inaruka na nyama inaoza. Na kila ukiegesha hakikisha bado imesimama kwenye 12, kwa sababu gari hupenda kurudi kwenye 8. Pili, iache hiyo saa 5 ya usiku. Chomeka ukifika tu, saa 11 jioni. Betri inakuwa bado na joto la safari, inapokea chaji vizuri, na unapata saa kumi na mbili badala ya sita. Wati 1,440 za ukutani, tuseme 1,200 zinazofika, kwa saa kumi na mbili: kilowati-saa 14 na ushei. Umekaribia kusawazisha, na Jumamosi na Jumapili zinamaliza deni.

Najua uliweka saa 5 kwa ajili ya bei ya usiku. Kama kampuni yako ya umeme inakupa bei hiyo kweli, piga hesabu: kilowati-saa chache za jioni hazilingani na kuitiwa gari la kukokota barabara kuu ya 94.

Ukiwa na nyumba yako, au mwenye nyumba anayesikia, dawa ya kudumu ni saketi ya volti 240. Si lazima iwe kubwa. Breka ya ampea 20 inakupa ampea 16 za kuchaji, kilowati 3.8, na mahitaji yako ya siku yanaisha kwa saa nne au tano, huku maji ya betri yakipata haki yao. Watu hukimbilia breka ya 50 au 60 kwa sababu jirani anayo. Chaja ya ndani ya Bolt yako haipokei zaidi ya kilowati 7.2 hata ukileta bwawa la umeme. Kazi hiyo iombewe kibali na ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Usiifunge mwenyewe kama kihisi.

Gari lililokataa kufunguka ni kesi nyingine kabisa, na betri kubwa haihusiki. Chini ya boneti kuna betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo ndiyo inayolisha rimoti, milango, kompyuta, na swichi kubwa zinazounganisha betri kuu. Ikifa, umekaa juu ya kilowati-saa 60 usizoweza kuzigusa. Home Assistant yako inasoma hali ya gari kila dakika tano: mara 288 kwa siku. Ombi linalofika hadi garini huamsha kompyuta zake, zinajibu, zinakaa macho kwa muda kabla ya kulala, na kabla usingizi haujakolea unagonga tena. Mlishaji ni hiyo betri ndogo. Sasa ongeza baridi: AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kinaeleza kwamba betri ya kawaida ya gari hupoteza kama asilimia 35 ya nguvu kwenye nyuzi sifuri, na kama 60 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo ndipo ilipokushinda.

Ombi moja gari likifika na jingine kabla ya kuondoka linatosha. Kama unachotaka ni grafu ya chaji, basi pima ukutani: fundi akufungie kihisi cha mkondo kinachobana waya ndani ya boksi la umeme, na utajua kila wati inayokwenda garini bila kuliamsha. Hiyo mimi naiita automesheni yenye adabu. Betri ya volti 12 ipimwe dukani, maduka mengi ya vipuri huko Marekani hupima bure. Ikiwa ndiyo ileile ya 2019, ibadilishe bila majadiliano. Na tafuta ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ujizoeze kufungua mlango nao mchana, si usiku wa theluji na glavu mkononi. Betri hiyo ndogo unaweza kuibusti kwa kifaa cha kawaida kama gari la petroli. Jambo usilofanya ni kulitumia gari lako kubusti la mwenzako, hata akubembeleze vipi.

Raspberry Pi nayo itoe gerejini. Waliounda Pi 4 wameiandikia mazingira ya nyuzi 0 hadi 50, na gereji yako Januari haijui hata sifuri iko wapi. Inaendelea kwa sababu inajipasha yenyewe, lakini umeme ukikatika ikapoa, kuwaka kwake ni kudra. Iweke ndani karibu na rauta. Ukiiingiza, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto la chumba, kwa sababu kitu baridi kikiingia ndani kinatoa jasho na jasho hilo ni maji juu ya saketi. Kisha andika amri ya vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme wake ni mzuri. Ikijibu 0x50000, imewahi kupungukiwa na volti, na kama unatumia adapta ya simu itupe, nunua ya volti 5.1 na ampea 3 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kadi nyingi za kumbukumbu zinazolaumiwa zimeuawa na adapta. Gerejini acha kifaa cha ESP32 chenye kihisi. Hicho kimeandikiwa kustahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na kinatuma taarifa kwa waifai.

Sasa baridi yenyewe.

Sisi tuliokulia Mombasa na Kisumu tulizoea betri kufa kwa joto, na joto huua kweli: uwezo uliopotea haurudi. Baridi si hivyo. Kimiminika cha ndani ya seli kinakuwa kizito, lithiamu inatembea kwa shida, umeme hautoki wote. Betri ikipata joto, uwezo unarudi. Kinachoweza kuidhuru ni kuchajiwa kwa nguvu ikiwa imeganda, kwa sababu lithiamu inajipaka juu ya uso wa upande hasi wa seli badala ya kuingia ndani. Ndiyo sababu kompyuta ya gari hubana chaji asubuhi, na hubana pia ile breki ya kurudisha umeme. Utaona ukiondoa mguu gari halishikwi kama kiangazi. Lizoee hilo kabla ya taa nyekundu ya kwanza.

Lakini mlaji mkubwa si betri, ni hita ya ndani. Mwaka 2019 AAA walipima magari matano ya umeme kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Bila hita, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Na hita ikiwaka, asilimia 41. Gari la petroli lina joto la bure la injini. Lako halina taka za joto za kutosha, na Bolt haina pampu ya joto kama magari mengi mapya. Linapasha kwa waya, kama birika.

Ndiyo maana foleni inakula chaji kuliko barabara wazi, jambo linalowachanganya wengi. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linatumia kama kilowati 8 kusogea. Hita ikivuta 4, umeongeza nusu. Ukikwama kwenye theluji kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kusogea kunataka kama kilowati 3, na hita bado inataka zake 4. Kupasha hewa kunakula kuliko kusafiri. Na safari fupi fupi, dukani, shuleni, kanisani, kila moja inaanza na gari lililopoa.

Usiniamini mimi, liamini gari. Kwenye skrini ya Bolt ingia ukurasa wa nishati. Utaona mgawanyo wa tangu chaji ya mwisho: asilimia ya kuendesha, asilimia ya hali ya hewa ndani, na asilimia ya kutunza betri. Upige picha ukifika kazini, wiki nzima. Siku kuendesha kukiwa asilimia 60 na hita 35, utakuwa umeshamjua mlaji bila kumwita mganga.

Ukishajua, fanya hivi. Pasha gari likiwa bado limechomekwa, dakika kumi na tano kabla ya kutoka. Soketi ya 120 haitoshi hita yote, kwa hiyo kiasi kitatoka kwenye betri, ila bado ni nafuu kuliko kutoa chote barabarani. Kama gari lako lilikuja na hita za viti na usukani, hizo ndizo ziwe jiko lako: kiti kinakula wati chini ya mia, hita ya hewa inakula maelfu. Shusha hewa hadi nyuzi 17 au 18, vaa koti. Usibane kwenye kioo, lakini. Kioo kikishika ukungu washa hita yote na usahau hesabu. Anayeendesha haoni hana anachookoa. Toa theluji yote juu ya paa, si tundu la kuchungulia tu. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, kwa maana unashuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua. Tairi ulizojaza Septemba zimekwishalegea. Nunua tairi za theluji. Na kwenye barafu endesha kwenye D, acha ile L unayoipenda, kwa sababu L inashika magurudumu ya mbele ghafla ukiondoa mguu, na kwenye kona yenye barafu hiyo ni njia ya kuingia shambani.

Kuhusu chaja za haraka za barabarani: Bolt yako haina namna ya kupasha betri ikijiandaa kwa chaja hizo. Ukienda nayo asubuhi ikiwa imelala nje, itapokea kwa matone. Nenda jioni baada ya safari ndefu, betri ikiwa na joto. Januari 2024 Chicago ilishuhudia foleni ndefu za magari ya umeme kwenye chaja wakati wa baridi kali, na tatizo kubwa mojawapo lilikuwa hilo, betri zilizofika zimeganda. Waliosema basi magari haya hayafai kwa baridi hawakutazama Norway, ambako mwaka huohuo karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Kule wengi huchaji nyumbani, na huyachomeka wakifika.

Ukikwama kwenye dhoruba usitoke garini. Betri yenye nusu ya chaji inaweza kukupasha kwa saa nyingi ukitumia viti na hewa kidogo, na bomba la moshi la kuzibwa na theluji hakuna. Weka blanketi na maji.

Limebaki la muuzaji. Bolt zote za 2017 hadi 2022 ziliitwa kiwandani kwa hatari ya moto kwenye seli, tangazo lililokamilika Agosti 2021, na magari ya mwaka wako yalikuwa kwenye kundi la kubadilishiwa moduli za betri. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna kazi ya wito ambayo haijafanywa, kisha mpigie wakala yeyote wa Chevrolet akuambie tarehe ya kubadilishwa. Ikiwa ilibadilishwa, hiyo betri "iliyochoka" ni changa kuliko gari, na ilikuja na waranti yake ya miaka 8 au maili 100,000. Ikiwa haikubadilishwa, peleka gari hata kesho, bure.

Uwezo wake halisi usiupime sasa, wala usiupime kwa ile namba ya umbali kwenye dashibodi. Ile inakisia kutokana na ulivyoendesha juzi. Subiri Mei. Jaza hadi 100, endesha mpaka simu ikuonyeshe 20, kisha soma kwenye skrini kilowati-saa ulizotumia tangu chaji ya mwisho, ugawanye kwa 0.8. Ukipata 55 kwenda juu, endelea na maisha. Ukipata chini ya 45, niandikie na picha ya skrini, na barua tutakayoiandika itakwenda kwa wakala kudai waranti, haitakwenda kwa muuzaji.